Mashine Iliyojibu Nzuri

Mimi nina hasira za karibu. Mama husema nilizaliwa nazo, kwamba hata kilio changu cha kwanza kilikuwa cha kugomba. Kwa hiyo anayenisikia nikigombana na kompyuta ofisini asishangae, na anayenisikia nikigombana na binadamu asishangae vilevile. Hapa nataka kusimulia jambo nililoligombania karibu mwaka mzima, nikashinda, na ushindi wenyewe ukaniletea aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Nafanya kazi ya kompyuta katika hospitali moja wilayani Ngara. Jina lake nitaliacha. Iko mlimani, kama karibu kila kitu cha maana huku kwetu, na mgonjwa anafika akiwa amechoka zaidi ya alivyotoka nyumbani. Kabla ya hapo nilifundisha kompyuta kwenye sekondari moja ya Biharamulo, na nilipopata kazi hii ya karibu na kwetu Bugarama nilifurahi sana, kwa sababu mama alikuwa amebaki peke yake na alikuwa na sukari na presha. Nilijiambia: sasa nitamwangalia.

Mafaili yote ya wagonjwa yanakaa kwenye mashine moja tunayoiita seva. Kompyuta ya mapokezi ikitaka faili inaiomba seva. Daktari naye anaomba, maabara wanaomba, dirisha la dawa linaomba. Siku za kawaida seva ilimudu. Jumanne, siku ya kliniki ya sukari na presha, ilikuwa inapumua kwa shida tangu saa tatu asubuhi. Mtu anabonyeza, anasubiri, anakasirika, anabonyeza tena, na kila kubonyeza ni ombi jipya linalopandishwa juu ya lile la kwanza. Kufikia saa tano seva imelala chali, wazee wamejaa kwenye mabenchi, na mimi natukanwa kwa heshima. Watu wa hospitali wana matusi ya heshima: "Samahani mtaalamu, hivi leo umekuja kazini?"

Kisha marafiki wa hospitali wakatuletea seva ya pili. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, maana nilijua kinachofuata. Ukiweka mashine mbili chumba kimoja hazijui kusaidiana. Lazima pawepo na kitu cha tatu kinachosimama mlangoni, kinapokea kila ombi na kuamua: wewe nenda kwa huyu, wewe nenda kwa yule. Mafundi wana jina lake refu la kigeni. Mimi niliwaeleza wenzangu kwa mfano wa harusi. Kwenye sherehe zetu yupo mtu wa kugawa chakula. Yeye hapiki na hali, anatazama tu sahani zinakwenda wapi. Asipokuwepo, meza ya mbele inakula nyama na meza ya nyuma inapata mchuzi. Tangu siku hiyo kile kitu kikaitwa Mgawaji, na hata mkubwa wetu alikiita hivyo.

Mkubwa wetu ni daktari mzuri, nalisema hilo mapema ili nisiseme uongo hapo mbele. Ila anapenda vitu vinavyoonekana. Nilipomweleza kuwa Mgawaji anaweza kupatikana kwa njia tatu, aliitisha kikao, na kikao kikazaa kikao.

Njia ya kwanza ni kununua kasha lake maalumu, limetengenezwa kwa kazi hiyo tu, lina nguvu na lina taa za rangi. Njia ya pili ni kukodi huduma hiyo kwa watu wa mbali, kupitia mtandao. Huna chuma chochote chumbani, maombi yanakwenda huko yanagawiwa na kurudi. Njia ya tatu ni kuchukua kompyuta ya kawaida, hata ya zamani, ukaiwekea programu ya bure ya kugawa, ukaipanga mwenyewe. Mimi nilitaka ya tatu, tena kompyuta mbili, ili Mgawaji mmoja akianguka mwenzake ashike. Maana ukiweka mlinzi mmoja mlangoni, akienda kujisaidia hakuna mlinzi.

Alikuja kijana wa mauzo kutoka Mwanza, viatu vimeng'aa, akatuonyesha picha ukutani za huduma ya kukodi. Nikamwuliza: "Mtandao ukikatika?" Akacheka. "Dada, zama hizi mtandao haukatiki." Nikamwambia waya wetu unapita porini upande wa Biharamulo, na kila greda likitengeneza barabara sisi tunarudi enzi za barua. Je, mgonjwa aliye mita thelathini kutoka kwenye seva akose faili kwa sababu ya greda la porini? Yule kijana akaandika kitu kwenye daftari lake, na mkubwa wetu akaniambia nje kwamba nina mdomo mkali mbele ya wageni.

Likafuata kasha. Mkubwa alilipata kwa njia zake, lina taa nane, akalizindua kwa keki. Kumbe kasha lile lilihitaji kibali cha mtengenezaji kila mwaka, na la kwetu lilikuwa limetumika kwingine na kibali kimekwisha. Likawaka taa zote na lisigawe chochote. Mpaka leo liko kwenye kabati la ofisi yake, juu yake kuna chombo cha maua ya plastiki. Vikao vinne, keki moja, na Jumanne zetu ziko palepale. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekubali kula ugali baada ya wali kuungua, "Haya, weka hiyo yako ya bure. Lakini moja tu. Kompyuta ya pili inatakiwa utawala."

Nilishinda, kwa hiyo. Niliipanga kwa wiki moja na nusu, na nilijivuna nayo.

Kulikuwa na mengi ya kuchagua. Kwanza, agawe vipi? Anaweza kugawa kwa zamu, huyu mmoja, yule mmoja, au akatazama nani ana kazi chache akampa huyo. Nikachagua hiyo ya pili. Kisha, majibu yapite wapi? Seva inaweza kumrudishia mwombaji moja kwa moja bila kumpitia Mgawaji, na hiyo ni haraka zaidi. Au kila kitu kipite kwake, kwenda na kurudi. Nikataka kila kitu kipite kwake, ili kila hatua iandikwe na mimi niweze kuona. Mimi ni mtu wa kutaka kuona.

Likaja suala la kukumbuka. Daktari ameandika nusu ya maelezo kwenye seva ya kwanza. Ombi lake linalofuata likipelekwa ya pili, ya pili inamwuliza, wewe nani? Kwa hiyo nikamwamuru Mgawaji akumbuke: kompyuta iliyoanza na seva fulani ibaki nayo. Kumbukumbu hiyo huwa na kikomo cha muda. Daktari mmoja alitoka chai akakuta amesahaulika na maelezo yake yamepotea, akaja ofisini kwangu na mdomo wake. Sikutaka maneno. Nikaondoa kikomo. Kompyuta ikishapewa seva, ni yake hadi nitakapobadilisha kwa mkono.

Na la mwisho, dogo kuliko yote: Mgawaji atajuaje kama seva ni nzima? Kila sekunde kumi anaiuliza. Unaweza kumwagiza aulize kwa kina, "Nipe faili fulani, lote, pamoja na vipimo na dawa," asubiri alipate. Au aulize kwa wepesi, "Upo?", ikijibu "nipo" aende zake. Ya wepesi ndiyo inayokuja nayo programu. Nikaiacha hivyo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliiacha. Uchovu, ndiyo. Lakini pia ndivyo nilivyolelewa. Kwetu ukifika kwa mtu unauliza habari, unajibiwa nzuri. Mama ni mtoto wa watu waliovuka kutoka Burundi, na kwa Kirundi ni hivyohivyo: "Amakuru?" "Ni meza." Hata kama ndani kuna maiti, kwanza ni nzuri. Mgeni anakaa, analetewa maji, anakunywa, na baada ya muda mwenyeji anavuta pumzi na kusema "ila". Ila mtoto ana homa. Ila ng'ombe amekufa. Habari zenyewe ziko baada ya ila, na kila mtu anajua, ndiyo maana hakuna mgeni mwenye adabu anayeondoka baada ya "nzuri" ya kwanza. Mgawaji wangu nilimfundisha salamu, sikumfundisha kukaa.

Siku ya kumwasha, seva ya pili ilichelewa kuamka. Kompyuta karibu zote za hospitali zilikuwa zimeshawashwa, zikakabidhiwa seva ya kwanza, na kwa kuwa nilikuwa nimeondoa kikomo, zikabaki huko. Zilizowashwa kwa kuchelewa ndizo zilizopewa ya pili: ya stoo, ya ofisi ya takwimu ambayo mwenyewe alikuwa likizo ya uzazi, na ya chumba cha kliniki ya sukari na presha. Hilo sikuliona. Mfumo ulikuwa mpya, siku zile za kati ya wiki hazikuwa na watu wengi, na kwenye ukuta wa mkubwa wetu nilikuwa nimemwekea kioo cha kompyuta chenye taa mbili za kijani. Seva ya kwanza nzima. Seva ya pili nzima. Wageni wakija anawaonyesha kabla hata hawajakaa.

Jumanne ya kwanza muuguzi wa kliniki alikuja mlangoni kwangu. Ni mama wa makamo, Msubi wa Biharamulo, mtu wa maneno machache, namwita dada.

"Mdogo wangu, kwangu mafaili hayafunguki."

Nikafungua faili moja kwenye kompyuta yangu, likafunguka. "Hili hapa dada, limefunguka."

"Hapo kwako, ndiyo."

"Basi ni kompyuta yako. Izime, uiwashe."

"Nimeizima mara tatu."

Nikatazama taa. Zote kijani. Mwaka mzima nilikuwa nimepigania kitu kile, nimekula kashfa na vikao, na sasa watu wanakuja kukisingizia siku za mwanzo tu. "Dada," nikasema, na sauti yangu naikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda, "mfumo ni mzima. Labda punguza kubonyezabonyeza ovyo."

Aliniangalia kidogo, akasema "haya," akaondoka. Hakurudi tena kuniambia. Nilidhani kompyuta yake imepona.

Kumbe alichokifanya ni hiki. Mkubwa alikuwa ametoa amri kwamba makaratasi yamekwisha, dirisha la dawa halitoi kitu ambacho hakiko kwenye mfumo. Kwa hiyo yule muuguzi alikuwa akichukua kadi ya mgonjwa, anajaribu kwake, faili haliji, anavuka uwanja mpaka mapokezi, anaomba nafasi kwenye kompyuta yao, anafungua faili, anaandika dawa, anarudi, anamwita mwingine. Mgonjwa mmoja mmoja, kwa miguu yake mwenyewe. Saa tisa dirisha la dawa likifungwa, waliobaki anawaambia mtandao uko chini, warudi Jumanne ijayo.

Wakati huo kila jioni nilikuwa nampigia mama simu. Nilijisifu kwa hilo pia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Na kazi?"

"Nzuri mama, ila hawa watu wananichosha." Na hapo naanza, vikao, kasha, keki, yule kijana wa Mwanza. Yeye anacheka, ananipa pole. Kisha salio linaisha au naitwa, tunaagana. Sasa nikizikumbuka simu zile naona kwamba ila zote zilikuwa zangu.

Jumapili moja nilipanda kwenda Bugarama. Nilimkuta kwenye migomba, akasikia sauti yangu, akageuka kuangalia upande wa banda badala ya upande niliokuwa. Nikadhani jua. Tukaingia ndani, akaweka chai. Akainua chupa, akamimina, na chai ikapita pembeni ya kikombe ikamwagikia kwenye sinia, naye akaendelea kumimina kwa utulivu kama mtu anayesubiri kikombe kijae.

"Mama!"

"Nini?"

Nikamnyang'anya chupa. Nikatazama kopo la dawa juu ya meza. Ndani mlikuwa na vipande vidogo vya vidonge, vimekatwa kwa wembe, robo robo.

"Hivi ni nini?"

"Dawa. Nimezigawa zisiishe."

"Kliniki ulienda lini?"

"Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Zote," akasema.

Kirundi cha mama hakina l, huweka r mahali pake, na nilipokuwa shule nilikuwa namsahihisha mbele za watu, mtoto mjinga. Siku hiyo sikusahihisha kitu. Alinieleza pole pole. Jumanne tatu mfululizo amefika asubuhi, ametoa kadi, amekaa kwenye benchi. "Wanasema mtandao haupo, nirudi." Nikapiga kelele: kutoka benchi lile hadi ofisi yangu ni hatua hamsini! Kwa nini hakuja?

"Urisema foreni ni foreni."

Nilisema, ndiyo. Mwaka nilioanza kazi, watu wa kwetu walikuwa wakija dirishani kwangu kuomba wapitishwe mbele, na mimi nikachukia, nikamwambia mama kwenye sebule hiihii: kwangu hakuna mlango wa nyuma, hata wewe mwenyewe ukija utapanga kama wengine, foleni ni foleni. Nilikuwa naona nafundisha haki. Yeye alisikia, akaweka moyoni, akatii. Kila Jumanne alishuka kwenye bodaboda akipita upande wa nyuma wa jengo ili nisimwone nikaona haya mbele ya wenzangu.

Tulimpeleka hospitali mchana huohuo kwa gari la jirani. Presha ilikuwa juu kiasi kwamba aliyepima alipima tena. Sukari nayo. Damu ilikuwa imevuja ndani ya jicho la kushoto. Daktari wa macho tuliyepelekwa kwake baadaye aliniambia hawezi kusema kwa hakika ni wiki zile, mishipa ya wagonjwa hawa huharibika taratibu. Ni mtu mwema, alikuwa ananipa mahali pa kujificha. Jicho la kulia lilitulia. La kushoto halikurudi.

Jumatatu niliingia ofisini nikafunga mlango. Kumbuka nilitaka kila kitu kipite kwa Mgawaji ili niweze kuona. Basi nikaona. Nilikuwa na kadi ya mama mkononi, nikatafuta namba yake. Jumanne ya kwanza, asubuhi: kompyuta ya kliniki yaomba faili hili, lapelekwa seva ya pili, hakuna jibu. Laombwa tena, hakuna jibu. Tena. Jumanne ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, hivyohivyo. Na katikati ya mistari hiyo, juu yake na chini yake, kila baada ya sekunde kumi, Mgawaji mwenyewe ameandika: seva ya pili nzima. Seva ya pili nzima. Seva ya pili nzima.

Muunganisho wa seva ya pili na ghala la mafaili, lililobaki ndani ya seva ya kwanza, ulikuwa umekatika tangu wiki ile ya kwanza. Mlangoni ilisimama vizuri, ikiulizwa "upo?" inajibu haraka kuliko mwenzake, maana haikuwa na kazi yoyote. Ukiiomba kitu cha ndani, haina. Na ile ya kwanza ilikuwa bado inabeba hospitali nzima peke yake kama zamani.

Nilikwenda chumba cha kliniki. Muuguzi alikuwa anapanga kadi. Nilimwomba msamaha, vibaya, kwa sauti ya kugomba, maana sina nyingine. Alinisikiliza.

"Mama yule mrefu wa Bugarama ni mama yako?" akauliza. "Hakusema. Kila nikimwita anasema, huyu mwenye mtoto aanze. Mzee yule aanze. Mwisho saa inaisha." Akapanga kadi nyingine, akasema, "Nilipaswa kurudi kwako. Ila mdogo wangu, unaongea vibaya." Hakuna aliyewahi kunipa ripoti fupi na kamili kuliko hiyo.

Mkubwa wetu nilimweleza yote mbele ya kioo chake. Alitazama zile taa muda mrefu. "Lakini zilikuwa kijani," akasema. Nilitaka kumrukia. Nilitaka kuchukua yale maua ya plastiki niyatupe dirishani pamoja na kasha lake. Lakini taa zile nilizipanga mimi, na swali lililoziwasha nililiacha mimi, na mtu aliyeambiwa "mfumo ni mzima" aliambiwa na mimi. Kwa hiyo nilikaa kimya, na kwa mtu wa hasira zangu hiyo ni adhabu ya kutosha kwa asubuhi moja. Alinipa kompyuta ya pili siku hiyohiyo bila kikao. Ingekuwa vizuri kama angenipa kabla. Ingawa, niseme ukweli, isingebadilisha kitu. Ningekuwa na Wagawaji wawili wasiojua kuuliza.

Nilibadilisha kumbukumbu, sasa ina kikomo, na daktari wa chai avumilie. Kisha nikatunga mgonjwa ambaye hayupo, nikampa faili lenye sukari, presha na dawa tatu ambazo mama anatumia. Kila sekunde kumi Mgawaji anaiomba kila seva faili la mgonjwa huyo, lote, mpaka kidonge cha mwisho. Seva ikishindwa kulileta ndani ya sekunde tano, inatolewa kwenye kazi na simu yangu inalia. Imeshalia mara kadhaa. Nainuka kila mara, na kila mara nakwenda kwanza kliniki kumwuliza muuguzi, kisha ndipo natazama taa.

Mama naye nilibadilisha maswali yake. Simuulizi tena habari za nyumbani. Namwambia anisomee kilichoandikwa kwenye kopo, anihesabie vidonge vilivyobaki, aseme asubuhi amemeza vya rangi gani. Mwanzoni alicheka, kisha akachukia. "Unaniuriza kama porisi," akaniambia. Nikamwambia atazoea. Hajazoea.

Jumanne ya kwanza baada ya kurekebisha mfumo nilikaa naye kwenye benchi tangu asubuhi, na kadi yake ilikuwa ya kumi na tisa. Wenzangu walipita wakishangaa, mmoja akaniuliza kwa nini simpitishi mbele, nikamwonyesha namba ya kadi. Ilipofika zamu yetu mama alianza kumpisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni, nikamshika mkono nikamwinua.

Muuguzi aliinuka kidogo kwenye kiti. "Shikamoo mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba. Naenderea vizuri."

Nilifungua mdomo niseme kwamba haendelei vizuri hata kidogo, na muuguzi, bila kunitazama, aliinua kiganja kuninyamazisha. Hakuandika. Hakugusa kompyuta. Aliweka kalamu mezani, akamsogezea mama kiti kiwe karibu naye, akakaa akimwangalia, kama mtu ambaye hana foleni nje. Mama akaketi. Akarekebisha kitenge chake magotini. Akavuta pumzi.

"Ira jicho ra kushoto harioni," akasema.

Ndipo muuguzi akaomba faili. Lilichukua sekunde mbili.